Asante Mara Tisa

Jumanne, 5 Machi

Binti wa hospitali, yule anayemfundisha mume wangu kusema upya, amenipa daftari hili. Kila siku niandike maneno aliyosema na mara ngapi. "Mama, usiandike unachodhani alitaka kusema. Andika alichosema." Haya. Leo amesema asante. Mara tisa. Basi.

Kiharusi kilimpata mwezi wa kwanza, asubuhi, akivaa viatu. Kilichukua mkono wa kulia, kikaulegeza mguu wa kulia, na maneno yote kikayazoa isipokuwa hilo moja. Binti anasema hutokea. Neno lililozoeleka hubaki, likawa linatoka lenyewe kama kikohozi, mwenyewe hana habari nalo. Mtu aliyefundisha kwaya miaka ishirini na mbili, aliyekuwa akigombana na sauti ya tatu mpaka majirani wanafunga madirisha, amebakiwa na neno la mgeni aliyepewa maji.

Daftari lina kurasa mia mbili. Neno moja haliwezi kuzijaza. Zitakazobaki nitazitumia mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Asante mara sita.

Wifi yangu amekuja. Ni dada yake mkubwa, anauza viatu sokoni, na Alhamisi hufunga mapema. Moyoni namwita Redio, maana aliyemtengeneza alisahau kitufe cha kuzimia. Hata mwavuli hajauweka chini: "Jamani, amekonda! Mashavu yameenda wapi? Huyu anasikia kweli?"

Aliniuliza mimi, na mume wangu ameketi katikati yetu kama meza.

"Anasikia, wifi."

"Maskini. Kaka yangu alikuwa mtu."

Alikuwa! Nikageukia sufuria nisije nikasema neno. Nyuma yangu nikamsikia mume wangu: "Asante." Kisha wifi akamwosha miguu, akamkata kucha, mdomo haujapumzika hata kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Asante mara kumi na moja. Watu wengi leo.

Kanisa jipya litafunguliwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, na kwaya imeniletea kazi ya majoho ishirini na manne. Kazi ni kazi, nimeipokea. Ila cherehani yangu iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na kiti cha mume wangu kiko hapo hapo kando ya rafu ya vitambaa, kwa sababu ndipo penye mwanga. Kwa hiyo waimbaji wote ishirini na wanne watapita mbele yake, mmoja mmoja, mikono juu, wapimwe.

Nikipima pindo huwa na pini mdomoni, sita au saba. Nimegundua watu husema mengi kwa mtu mwenye pini mdomoni. Hawezi kujibu, nao hudhani anakubali.

Wa kwanza: "Afadhali wewe, wako yupo unamwona. Wangu alikwenda moja kwa moja."

Wa pili: "Mungu hakosei, dada."

Wa tatu ni yule mchekeshaji wa sauti ya nne. Akamwinamia mume wangu, akasema kwa sauti ya kumwambia kiziwi: "Mwalimu! Miaka yote umenifokea, leo nikiimba ovyo utanifanya nini?" Akacheka, akanitazama nicheke naye.

"Asante," akasema mume wangu.

"Umeona? Anashukuru!"

Niliziuma pini mpaka moja ikapinda. Kilichoniuma zaidi si yule mcheshi, ni lile asante. Wanamkanyaga, naye anawashukuru kwa viatu vyao.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Asante mara tano. Majoho mawili yamekatwa.

Jumapili, 17 Machi

Asante mara saba.

Mchungaji alitutembelea baada ya ibada. Alikuwa amehubiri juu ya ulimi, kiungo kidogo kiunguzacho msitu mzima, na kwamba Mkristo hujibu kwa upole. Alihubiri vizuri. Chumbani kwetu akasema, "Katika hili lipo kusudi, mama. Huenda Bwana alitaka kumpumzisha." Kumpumzisha! Akaomba sala nzuri yenye mpangilio, akatazama saa mara mbili, akaondoka. Mlangoni akanishika mkono: "Kanisa zima linausifu uvumilivu wako."

Jioni huwa tunasali sala ile ya Bwana. Mimi nasema, yeye anatikisa midomo. Nikifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, huwa nanyamaza kidogo, kisha naendelea na "usitutie majaribuni". Nimefanya hivyo tangu mwezi wa pili. Nadhani Mungu ameshaona, lakini mume wangu ndiye anayenitazama.

Ijumaa, 22 Machi

Asante mara nne. Paa linavuja juu ya jiko.

Alhamisi, 28 Machi

Asante mara nane. Redio alikuwepo. Leo kaniambia nimezeeka ghafla. Nashukuru kwa taarifa.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwenyekiti wa kwaya amekuja kupimwa. Alipomaliza hakuondoka, akabaki anakisugua kidevu.

"Mama, liko jambo la joho la mwalimu."

Joho la mwalimu ni tofauti na mengine. Lina kola ya rangi ya dhahabu, na kitambaa chake hakipatikani tena. Nililishona mwenyewe miaka minane iliyopita. Linaning'inia ukutani, nyuma ya kiti chake.

"Tumeshapata mwalimu mpya," akasema. "Kijana mzuri. Tumeona badala ya kuhangaika, hili ulipunguze kidogo limtoshe. Maana huyu," akaonyesha kwa kidevu, "hatalihitaji tena."

Mume wangu alimtazama kitambo. Akaunyanyua mkono wa kushoto, akautupa nyuma, akalishika pindo la joho, akalivuta mpaka likachomoka kwenye msumari na kumwangukia mapajani. Akamsukumia mwenyekiti.

"Asante."

"Mungu akubariki, mwalimu!" Mwenyekiti akanigeukia. "Unaona? Hata yeye ameelewa."

Nilikuwa na pini saba. Nikatikisa kichwa kuitika. Alipotoka nikazitema mezani na kumwambia mume wangu, "Wewe huna hata aibu!" Ndiyo, niliyasema hayo. Kwake, si kwa mwenyekiti.

Asante mara sita. Kwangu moja, baada ya hayo maneno.

Jumatano, 10 Aprili

Kijana mwenyewe amekuja kulijaribu joho. Ana adabu, hana makosa, na ndiyo maana nilimchukia haraka. Lilimkaa vizuri mpaka alipoinua mkono kuongoza. Ni mwenye mashoto.

Mume wangu aliongoza kwa mkono wa kulia, akiuinua mpaka dari. Joho la kwanza lilimchanikia ibadani, kwa hiyo hili nililitia kipande cha ziada kwapani, upande wa kulia tu. Hakuna ajuaye isipokuwa mimi na yeye. Sasa inabidi nikifumue, nikihamishie kushoto.

Nilifumua mchana kutwa. Nyuzi zangu mwenyewe, imara, mshono wa mke anayempenda mumewe. Mkono wenyewe ulikuwa umelala pale kwenye mto, hatua mbili kutoka kwangu. Alinitazama nikifumua mpaka uzi wa mwisho. Nililia, sikujificha.

Asante mara mbili.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Asante mara tano.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Mara sita. Redio anasema majirani wanasema nina kiburi.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Mara nne. Majoho kumi na tisa.

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika kila kitu. Binti alisema niandike kilichosemwa.

Siku ya nne mvua haikatiki. Nguo hazikauki, chumba kinanuka ukungu. Asubuhi mume wangu alianguka akienda chooni, nikamnyanyua peke yangu, na mgongo unaniuma mpaka sasa. Saa kumi wifi aliingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi, maji yanamtiririka. Mume wangu alikuwa kitini chumba cha mbele, amesinzia. Kati ya jiko na chumba hicho kuna pazia tu.

Wifi akakikamua kitambaa chake cha kichwa, akasema, kama mtu anayesema nyanya zimepanda bei: "Lakini siku ile ungemwahisha hospitali, kaka yangu leo angekuwa anaimba."

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ile mume wangu aliniambia kichwa kizito, na mkono kama unatembewa na sisimizi. Nilikuwa na gauni la bibi harusi la kupeleka. Nikamwambia, "Kila siku ya kazi wewe una ugonjwa wako. Vaa viatu." Nikatoka. Nilirudi baada ya saa mbili, nikamkuta sakafuni na kiatu kimoja. Tunaojua ni wawili, na mmoja hawezi kusema.

Leo sikuwa na pini mdomoni.

Nikamwambia wifi, "Mchukue basi! Mpeleke kwako umwahishe unakotaka! Mimi sina mume, nina mzigo unaokula. Heri angekufa siku ile ile, ningelia mara moja nikamaliza!"

Wifi hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Pazia lilikuwa wazi. Mume wangu alisimama pale, mkongojo mkono wa kushoto. Kutoka kitini mpaka kwenye pazia ni hatua tisa, na hajawahi kuzitembea bila mimi. Labda alisikia sauti zinapanda akaja kutuamulia. Sijui.

Nilisubiri aseme. Wallahi nilisubiri lile neno nililolichoka, na kama angelisema ningepiga magoti palepale. Hakusema. Aligeuka taratibu, mgeuko wa dakika nzima, akarudi hatua zake tisa. Wifi akachukua viatu vyake akaondoka.

Asante mara tatu, zote kabla ya saa kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Hakuna.

Jumamosi, 27 Aprili

Hakuna. Niliogopa kiharusi kimerudi. Nikamwambia atoe ulimi, akatoa. Akunje ngumi ya kushoto, akakunja. Mzima.

Jumapili, 28 Aprili

Hakuna. Sikwenda kanisani. Jioni sikusali, sikujua nianzie wapi.

Jumatatu, 29 Aprili

Jirani alikuja kurudisha ndoo. Akachungulia: "Huyu bado yuko hivyo hivyo tu?"

"Asante," akasema mume wangu. Wazi kabisa.

Nilisimama na mkasi mkononi. Jirani alipokwenda nikampa chai. Kimya. Nikampa kijiko, nikamfunika magoti, nikamrekebishia mto. Kimya. Alasiri fundi wa paa alimwambia kwa kelele, "Pole mzee, uzee ndio huo!" Asante.

Basi si kikohozi.

Nimekaa nalo siku nzima. Siku zote zile alikuwa analitoa mwenyewe. Alimpa mcheshi, akampa mchungaji na saa yake, akampa mwenyekiti pamoja na joho. Alikuwa na neno moja duniani, angeweza kulitia sumu au kulibana, naye akalitoa kwa kila aliyemkanyaga. Mimi nililiandika humu kama dalili ya ugonjwa.

Na mimi je, mvumilivu wa kanisa zima? Sikuvumilia hata siku moja. Niliyaweka akiba maneno yao yote, nikayatunza yasipotee, na siku ghala lilipofurika nikammwagia asiyenikosea. Pini zilinifunga mdomo. Moyo ulikuwa unajibu mchana kutwa.

Alhamisi, 2 Mei

Wifi amerudi. Alibisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nilidhani utanifungia mlango."

"Nilitaka."

Akaingia, akachota maji, akamwosha kaka yake miguu kama kila Alhamisi. Leo nilisikiliza. Alikuwa anamsimulia mteja aliyerudisha kiatu kilichochakaa. "Ungekuwa wewe ungemrudishia hela? Eh?" Akanyamaza, akamtazama usoni, akangoja. Mume wangu akatikisa kichwa kukataa. "Na mimi nilikataa!" Tangu mwezi wa kwanza sijamwona mwingine anayemuuliza kitu na kungoja jibu. Hata mimi singoji. Watu wa maneno mazuri walikuja mara moja moja. Huyu mwenye mdomo mchafu hajakosa Alhamisi.

Jikoni akaniambia, "Wifi, mdomo wangu hauna breki tangu utotoni, muulize huyo. Nasema ovyo. Lakini nikishasema, narudi. Wewe umemrudia?"

"Nimrudie wapi, tunakaa nyumba moja."

"Ndiyo nakuuliza."

Nikamwambia habari za asubuhi ile. Gauni, sisimizi, kiatu. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka, kisha akasema: "Kwa hiyo kumbe nilisema kweli."

Nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akanishika.

Neno kwangu: hakuna. Kwa wifi: asante mara tatu.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imepungua. Nilifunga mlango wa mbele nikawaambia wateja warudi Jumatatu. Nikavuta kibao, nikakaa mbele ya mume wangu, nikamsomea daftari hili. Lote. Redio, mcheshi, "wewe huna hata aibu", sala ninayoiruka. Nilipofika Alhamisi ile nilitamani kuruka tena, nikasoma. Mzigo unaokula, nikasoma. Heri angekufa, nikasoma. Kisha nikamwambia ya asubuhi ya kiatu, kana kwamba hayajui, na kwamba yote mawili yalitoka mdomoni mwangu na sina wa kumsingizia.

"Nisamehe," nikasema. Nikangoja, kama wifi anavyongoja.

Alifumba macho. Machozi yalimtoka jicho moja, lile la upande mzima. Hakusema. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, hakusema, na sikuwa na haki ya kumlazimisha. Nikarudi kwenye cherehani, nikatia pini mdomoni, nikaanza pindo la joho la ishirini na tatu kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Akagonga sakafu na mkongojo. Nikamwendea. Alinyoosha kiganja cha kushoto chini ya kidevu changu, kama unavyomfanyia mtoto aliyeokota kitu akakitia mdomoni. Sikuelewa. Akakisogeza. Nikazitema pini, moja moja, saba, kiganjani mwake. Akakunja vidole taratibu asijichome, akakaa nazo hivyo mpaka jua lilipotua.

Neno: hakuna.

Jumanne, 14 Mei

Hospitali. Nilimwambia binti kwamba neno halitoki lenyewe, kwamba anachagua wa kumpa na wa kumnyima. Akapiga makofi. "Mama, hiyo ni habari njema mno! Huo ni uamuzi! Umefanya zoezi gani?"

"Zoezi lenyewe lilinitoka tu, binti."

"Basi liendeleze!"

Hakujua. Nikamwambia asante, na kwa kweli nilitaka kumpa neno hilo.

Jumapili, 26 Mei

Kanisa limefunguliwa. Majoho yalipendeza. Kijana aliinua mkono wa kushoto mpaka dari na kipande cha kwapani kikashika. Mume wangu alikuwa nyuma, karibu na mlango, wifi kulia kwake na mimi kushoto.

Baada ya ibada mwenyekiti alinijia akitabasamu. "Joho limempendeza kijana kuliko hata mwenyewe!"

Mdomo ulikuwa mtupu, maneno yote yapo karibu. Nikasema, "Limempendeza, mwenyekiti. Na mwenyewe yuko pale nyuma, anasikia vizuri. Nenda ukamshukuru yeye, maana ndiye aliyelitoa, mimi nilihamisha kipande tu."

Akasimama. Uso ukamshuka. Akaenda, nikamwona anainama, anasema jambo refu. Midomo ya mume wangu ikatikisika, mara moja.

Nilimwonea wivu mwenyekiti. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 27 Mei

Hakuna mvua. Jana jioni tulisali, na pale pa kusamehe sikunyamaza. Nilisema polepole, kwanza sehemu ya makosa yetu.

Leo saa nne asubuhi nilimpa maji ya kunywa. Akanywa nusu, akanirudishia bilauri, akanitazama.

"Asante."

Siku ya thelathini na mbili. Sikuuliza kama ni la maji tu au la nini. Nilishika bilauri kwa mikono miwili, nikamwambia karibu, nikarudi kwenye cherehani kabla hajaniona nikilia.

Asante, mara moja.